Nani aendeshe ufadhili wa serikali wa masomo ya nje: wizara, taasisi au kampuni?

Rafiki yangu mmoja kaingizwa kwenye kamati ya kuandika hadidu za rejea. Serikali imetenga fedha za kuwapeleka vijana mia mbili kusoma nje, na kamati imeshakubaliana karibu kila kitu isipokuwa jambo moja. Alinipigia simu usiku, sauti ya mtu aliyechoshwa na vikao. "Kaka, wenzangu wanataka tutangaze zabuni, ipatikane kampuni ifanye kila kitu, sisi tupokee ripoti ya robo mwaka basi. Wewe uliyesomeshwa na fedha za namna hii unasemaje?"

Nilimwomba siku mbili. Niliyomwandikia ndiyo haya, nimeyaongeza kidogo kwa faida ya wengine waliokalishwa kwenye kiti kama chake.

Milango ni mitatu. Wa kwanza, wizara iendeshe yenyewe, au iikabidhi bodi yake. Wa pili, kazi ipewe taasisi isiyo ya faida iliyozoea vyuo na wanafunzi. Wa tatu, kampuni binafsi ishinde zabuni. Upo na wa nne unaosahauliwa, nitaufikia.

Uingereza: mfuko mmoja, mikono miwili

Ukitaka kulinganisha mlango wa pili na wa tatu bila kubahatisha, tazama Uingereza. Tangu 1987 wanafunzi wake walikuwa wakienda Ulaya kwa mpango wa Erasmus. Desemba 2020, wakati wa kukamilisha talaka yake na Umoja wa Ulaya, serikali ikatangaza inajitoa na kuanzisha mpango wake, ikaupa jina la mwanahisabati Alan Turing. Mwaka wa masomo 2021/22 ukatengewa pauni milioni 110. Mwanafunzi angeweza kwenda popote duniani, si Ulaya tu, ila mpango ulilipia wanaotoka Uingereza peke yao. Wanaoingia hawakuhesabiwa.

Mwaka wa kwanza uliendeshwa na British Council, taasisi isiyo ya faida, ikishirikiana na kampuni ya Ecorys, wale wale waliokuwa wakiishughulikia Erasmus+ (jina jipya la Erasmus) kwa upande wa Uingereza. Kisha ikaja zabuni. Mwishoni mwa 2021 ikatangazwa kwamba Capita ndiyo iliyoshinda, na kuanzia mwaka wa 2022/23 ikashika usukani.

Capita si jina geni kwa Waingereza. Ni kampuni kubwa inayoishi kwa kazi ambazo serikali imeamua kutozifanya yenyewe. Mwaka 2012 ilipewa kazi ya kuliandikishia jeshi la nchi kavu askari wapya, na mwishoni mwa 2018 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za taifa ikaripoti kwamba tangu 2013 haikuwa imefikisha lengo la mwaka hata mara moja. Kwa hiyo habari ya Turing ilipotoka, watu wa vyuo walinuna. Walikuwa wamezoea kupiga simu na kumkuta mtu wanayemjua kwa jina, anayejua tofauti ya muhula wa Ujerumani na wa Hispania bila kufungua faili.

Lakini hapa pana jambo ambalo wapinzani wa kampuni hawapendi kulitaja. Tathmini ya serikali iliyotoka Januari 2024 iliuangalia mwaka wa kwanza, yaani ule wa British Council na Ecorys, na vyuo vingi vililalamika humo kwamba maombi yalikuwa mazito na fedha zilichelewa. Nafasi zilizoidhinishwa mwaka ule zilipita 40,000. Waliosafiri walikuwa karibu nusu yake. UVIKO-19 ilichangia, lakini ratiba nayo ilikuwa na lake. Turing ilitolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka chuo kinaomba upya, majibu yanatoka wakati wa kiangazi, na mwanafunzi anatakiwa awe ameshalipia chumba Seoul au Toronto wiki chache baadaye. Erasmus+ hupangwa kwa miaka saba, 2014 hadi 2020, kisha 2021 hadi 2027, na chuo kinajua mapema kina nini mkononi.

Ratiba hiyo haikuandikwa na British Council wala na Capita. Iliandikwa na wizara. Hilo nilimpigia mstari rafiki yangu: kabla hamjabishana kuhusu wakala, hakikisheni ugonjwa mnaotaka awatibu hauko kwenye kalenda yenu wenyewe. Wakala mzuri akipewa kalenda mbaya atakuwa mtu wa kutukanwa kwa niaba yenu, na pengine kuna wanaopenda zabuni kwa sababu hiyo hiyo.

Upande wa anayesubiri posho

Mimi nilisomea Ulaya kwa fedha za serikali. Sitataja nchi wala ofisi. Muhula wa pili posho ya kujikimu ilichelewa wiki tisa. Nilikuwa na chumba ghorofa ya nne, jiko tunalichangia watu sita, na mwenye nyumba aliyekuwa mpole hadi tarehe kumi ya kila mwezi.

Nilianza na ubalozi. Wakaniambia niulize wizara. Wizara ikasema fedha zilishatoka, ziko kwa wakala. Wakala, baada ya barua pepe nne, akasema anasubiri fomu ya uthibitisho wa masomo kutoka chuoni. Nikaenda chuoni, mama wa masijala akageuza kompyuta yake nione kwa macho yangu: fomu ilitumwa tarehe ishirini na tatu ya mwezi uliopita. Ikaja kujulikana kwamba fomu ilikuwa na kurasa mbili, muhuri uligongwa ukurasa wa pili, na kijana aliyekuwa akipokea fomu kwa wakala alielekezwa kutazama ukurasa wa kwanza. Asipouona muhuri, anaweka alama ya "haijakamilika". Hakuna aliyemwelekeza kumjulisha mwenye fomu.

Wiki hizo tisa nilizivuka kwa sababu ya mama mmoja wa Bukavu mwenye duka la vyakula karibu na kituo cha treni. Alinikopesha mchele, sombe na dagaa, akaandika kwenye daftari lenye kava la plastiki. "Kijana yangu, utalipa serikali yako ikiamka."

Tangu hapo, nikilinganisha mipango hii swali langu la kwanza ni mikono mingapi iko kati ya hazina na akaunti ya mwanafunzi, na katika hiyo, ni upi unaolazimika kunyanyua simu karatasi ikikwama. Jina la mwendeshaji huja baadaye.

Mlango wa kwanza: wizara au bodi yake

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mzazi anajua mlango wa kugonga. Hakuna ada ya wakala. Mkaguzi mkuu wa hesabu anaingia bila kuomba ruhusa ya mtu, na mbunge akiuliza swali, waziri hana wa kumsukumia. Kwetu Tanzania, Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004 ina mfumo wa malipo na watu waliozoea kuhakiki majina kwa maelfu. Hiyo ni mali, msiidharau.

Ubaya wake unaujua kila aliyewahi kufanya kazi serikalini. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Robo ya kwanza ya mwaka mpya ndiyo ambayo fedha hutoka kwa kusuasua, na ndiyo hiyo hiyo ambayo vyuo vingi vya Ulaya vinafungua, Septemba na Oktoba. Pili, uhamisho: afisa aliyejua namna ya kulipa ada kwa fedha za kigeni Budapest anapelekwa mkoani, mrithi wake anaanza na alifu. Kumlipa mwanafunzi wa Mwanza kwa shilingi ni kazi moja. Kumlipa wa Budapest, ada iende chuoni na posho iende kwake, tarehe ambayo haibadiliki, ni kazi nyingine.

Kisha kuna hatari ya ofisi ya umma kuingia kazi hii bila kuta. Kaunti ya Uasin Gishu huko Kenya ilianzisha mpango wa kupeleka vijana Finland na Canada kuanzia 2021. Fedha zilikuwa za wazazi, si za serikali, ila zilipitia mikononi mwa kaunti. Mwaka 2023 wanafunzi waliokuwa Finland wakajikuta wanadaiwa ada na vyuo vyao, wazazi waliouza mashamba wakaandamana Eldoret, na kesi zikafika mahakamani. Mahakama ina kazi yake, sisi tuchukue la uendeshaji: familia ilikuwa ikilipa akaunti moja, chuo kikisubiri malipo kutoka akaunti hiyo, na katikati mzazi hakuwa na namna ya kuona kama fedha yake imefika. Ada ingetoka moja kwa moja kwenda chuoni, na stakabadhi ikamrudia mzazi, shida ingeonekana mwezi wa kwanza.

Mlango wa pili: taasisi isiyo ya faida

Huu ndio unaotumiwa na mipango mingi mikongwe. Chevening, iliyoanza 1983, inalipiwa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, lakini sekretarieti yake iko kwa Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Jumuiya ya Madola, taasisi ya London iliyoanzishwa 1913. Kinachonivutia ni walivyogawana kazi. Taasisi inapokea maombi, inashughulika na vyuo, inalipa. Usaili unafanywa na balozi. Mtanzania anayeomba anahojiwa na ubalozi wa Uingereza Dar es Salaam, na mwenye kauli ya mwisho anabaki kuwa serikali. Makaratasi yametoka nje ya nyumba, uamuzi umebaki ndani.

Wajerumani wana DAAD, ya 1925: chama ambacho wanachama wake ni vyuo vyenyewe pamoja na mabaraza ya wanafunzi, fedha nyingi zinatoka serikalini, na wanaochagua wanafunzi ni kamati za maprofesa. Ofisi yake Nairobi ipo tangu 1973. Afisa anayejibu barua yako pale Nairobi anaijua shahada ya Kenya ina uzito gani, na hilo huwezi kulinunua kwa zabuni ya miaka mitatu.

Taasisi hizi zina kumbukumbu. Zilishawahi kuona mwanafunzi akifiwa, akipata mimba, akifukuzwa chuo, nchi ikiingia vitani. Zina utaratibu wa kila moja kabla hujauliza. Nadhani hicho ndicho unachokilipia, maana isiyo ya faida haina maana ya bure. Zinatoza gharama za uendeshaji, na nyingine hutoza vizuri tu.

Udhaifu wake ulionekana Marekani hivi karibuni. Fulbright ni mpango wa serikali wa ufadhili wa masomo tangu 1946, na sehemu kubwa ya makaratasi yake inafanywa na IIE, taasisi ya New York iliyoanzishwa 1919. Mapema 2025 serikali mpya iliposimamisha malipo ya misaada mingi, fedha za Fulbright nazo zikakwama, IIE ikawapa baadhi ya wafanyakazi wake likizo bila malipo, na wanafunzi walio ughaibuni wakaripoti posho kuchelewa au kuja nusu. Taasisi yenye karne nzima ya uzoefu haikuweza kuziba pengo, kwa kuwa mfuko si wake. Kwa hiyo ukichagua mlango huu, dai akiba: posho ya miezi mitatu ya kila mwanafunzi iwe imeshawekwa kwa wakala kabla ndege ya kwanza haijaruka.

Mlango wa tatu: kampuni

Nianze na sifa, maana zipo. Kampuni ikipewa fomu elfu hamsini inaajiri watu, inafunga mfumo, inafungua kituo cha simu, na baada ya miezi michache mashine inazunguka. Inakubali kutozwa faini ikichelewa, jambo ambalo ofisi ya serikali haiwezi kujifanyia yenyewe. Turing ina mamia ya vyuo na shule zinazoomba, kila moja ikigawa fedha kwa wanafunzi wake. Mwendeshaji anashughulika na taasisi zaidi kuliko na kijana mmoja mmoja. Kazi ya namna hiyo kweli ni ya fomu, na sioni dhambi kampuni kuifanya.

Shida inaanzia pale ambapo kazi si ya fomu. Kampuni inafanya kilichoandikwa kwenye mkataba. Kisichoandikwa kinaitwa nyongeza, na nyongeza ina bei. Kijana akilazwa hospitali Jumamosi usiku, je, hilo limo kwenye mkataba? Kama halimo, simu itapokelewa Jumatatu.

Tena angalia namna unavyoilipa. Ukiilipa kwa kila mwanafunzi anayeondoka, itahakikisha wanaondoka wengi, wawe wako tayari au la. Ukiilipa kiasi kimoja kwa mwaka, itapunguza watu kwenye dawati hadi simu ziite bila kupokelewa, kwa sababu kila mshahara inaoondoa ni faida yake. Ukiilipa kwa kila fomu iliyoshughulikiwa, ile fomu yangu yenye muhuri ukurasa wa pili ingekuwa imeshalipiwa siku ilipowekewa alama ya "haijakamilika". Njia ninayoiona salama ni kufunga sehemu kubwa ya malipo kwenye kitu kimoja ambacho mwanafunzi mwenyewe anaweza kukithibitisha: posho imeingia kwenye akaunti yake kabla ya tarehe moja ya mwezi, ndiyo au hapana. Makampuni hayapendi kipengele hiki. Mzabuni atakayekikubali bila kununa ndiye wa kumsikiliza.

Kuna na suala la taarifa. Mwombaji wa ufadhili anatoa nakala ya pasipoti, cheti cha daktari, pengine na taarifa ya benki ya mzazi. Machi 2023 Capita hiyo hiyo iliingiliwa na wadukuzi, wakaiba taarifa za watu milioni 6.6, nyingi zikihusu pensheni, na Oktoba 2025 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ikaitoza faini ya pauni milioni 14. Wadukuzi hawachagui, na ofisi za serikali nazo huingiliwa. Ila kampuni inayobeba kazi za wateja mamia kwa wakati mmoja ni ghala kubwa, na wezi hupenda ghala. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Hadidu za rejea ziseme taarifa zitakaa nchi gani, nani ataziona, na siku mkataba ukiisha zitarudi vipi.

Mkataba kuisha si jambo la mbali. Desemba 2025 Uingereza ilitangaza kwamba inarudi Erasmus+ mwaka 2027. Ndani ya miaka sita vyuo vyake vimepitia Erasmus+ ya zamani, Turing ya mikono miwili, na sasa vinajiandaa kurudi vilikotoka. Kila mabadiliko ni mfumo mpya wa maombi, nywila mpya, na afisa wa chuo anayejifunza upya.

Mlango wa nne

Wales, sehemu ya Uingereza yenye serikali yake, haikuridhika na Turing, hasa kwa kuwa haikulipia wanaoingia. Mwaka 2022 ikaanzisha mpango wake, Taith, kwa pauni milioni 65 hadi 2026. Uendeshaji ikaupa kampuni ndogo inayomilikiwa na Chuo Kikuu cha Cardiff, iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Ina bodi yake na hesabu zake, inaajiri kwa haraka kuliko wizara, lakini mwenye kuimiliki ni chuo ambacho hakiwezi kuhama nchi wala kuuzwa. Kwa nchi ndogo au mkoa wenye madaraka yake, naupenda huu kuliko yote. Zanzibar, kwa mfano, au kaunti kadhaa za Kenya zikiungana, zingeweza kuumudu.

Nilichomshauri

Kwa vijana mia mbili, kutangaza zabuni ya kampuni ni kukodi lori kubeba kapu la nyanya. Gharama ya kuandika mkataba, kuutetea na kuusimamia itakula ada za wanafunzi kadhaa, na bado mtahitaji afisa wa kumsimamia wakala. Nilimwambia wabaki na bodi waliyonayo, watenge dawati la watu watatu wasiohamishwa kwa miaka mitatu, ada ilipwe moja kwa moja vyuoni, uchaguzi ufanywe na jopo la wahadhiri, na wanunue nje vile vidogo tu: tiketi, bima, mtihani wa lugha. Simu ya dharura ishikwe na mtu mwenye jina, alipwe posho ya kuishika.

Wakifika vijana elfu mbili katika nchi kumi, hapo kamati itafute taasisi iliyozoea vyuo, iiachie makaratasi, uchaguzi ubaki serikalini. Kampuni niliiweka kwa siku ambayo fedha zitakuwa zinagawiwa kupitia mamia ya shule na vyuo, na hata hapo kwa sharti kwamba ndani ya wizara pawe na watu wawili wanaoujua mkataba kwa kifungu. Mwenye nyumba asiyejua bei ya saruji hasimamii fundi.

La mwisho lilikuwa hili: mwendeshaji yeyote asiingie kazini katikati ya mwaka wa masomo. Zabuni ikishapita hatua zote za ununuzi wa umma, rufaa zikisikilizwa, mkataba ukipekuliwa na wanasheria, miezi inakatika. Kisha mwendeshaji anahitaji mingine ya kufunga mfumo kabla ya kupokea ombi la kwanza, na vyuo vinataka majina na uthibitisho wa ada kabla ya viza kuanza kushughulikiwa.

Alisoma yote. Jibu lake lilikuwa ujumbe wa mstari mmoja: "Kaka, vijana wanaondoka Septemba. Kikao chetu kijacho ni Machi."